Amana Tumboni mwa Capulí

Jumatatu ile Edelmira Asmat alikuwa anapakua bakuli la mwisho la shámbar, supu yetu ya Jumatatu ya ngano, kunde na ngozi ya nguruwe, wakati mteja aliyekaa karibu na mlango alipoinama kutazama chini ya meza, akasema huku anatafuna kwamba mbwa amekuwa wa manjano.

Edelmira aliweka upawa chini akaja kuangalia. Capulí alikuwa mbwa asiye na manyoya, wa aina ile ya pwani yetu ya kaskazini, ngozi tupu kuanzia puani hadi mkiani, nyeusi na yenye joto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Mbwa mwenye manyoya anaweza kuficha maradhi yake hata mwezi mzima, lakini huyu hana pa kuyafichia. Tumbo lake lilikuwa limeiva rangi ya boga, makwapa vilevile, na weupe wa macho ulikuwa umepotea kabisa.

"Ini hilo," mteja akasema. "Kaka yangu alianza hivyohivyo. Niongezee mahindi, doña."

Edelmira akamwongezea mahindi ya kukaanga, akarudi jikoni, akashika ukingo wa meza. Rangi ile aliijua. Aliiona mwezi wa pili machoni mwa Elmer, mwanawe wa pekee.

Elmer alikuwa mpiga dawa kwenye mizabibu. Shamba linaanzia pale nyumba ya mwisho ya kijiji chetu, San Onofre, inapokoma, na linapoishia hakuna mtu wa San Onofre aliyewahi kufika. Kila asubuhi basi la shamba lilimchukua pamoja na wenzake, wakavaa pampu mgongoni, wakatembea katikati ya mistari wakinyunyiza. Mwezi ule wa pili alirudi na macho ya manjano na mkojo mweusi kama kahawa. Nesi wa shamba alimpa kidonge cha homa akamwambia anywe maji mengi. Edelmira akafanya alichofanya mama yake, na mama wa mama yake: alimlaza mwanawe chali, akafunga mlango, akamlaza Capulí ubavuni kwake kulia, chini ya mbavu, mpaka joto la mbwa likaingia na la mtu likatoka. Wiki haikuisha, Elmer akaamka anadai chakula.

Tangu hapo alikuwa mzima kupita kiasi. Basi la shamba alilisikia likiwa bado barabara kuu. Vitunguu akaacha, akavichambua kwenye sahani na kuvipanga pembeni. Siku ya mtakatifu wa kijiji, fataki zilipoanza kulia, aliingia chini ya kitanda akakaa humo mpaka msafara ulipopita, na hakuna aliyemcheka. Jumapili alilala uani palipopigwa na jua, jua likihama naye anahama. Capulí, kwa upande wake, aliacha mifupa akaanza kulamba chupa za bia siku ya Jumamosi. Watu waliona yote hayo wakasema Elmer amepona. Ukimchunguza sana bata humli, na San Onofre tunapenda sana kula.

Daktari Nérida, daktari wa mifugo, alikuwa na chumba nyuma ya duka la chakula cha kuku. Alikuwa mwanamke mfupi, mchovu, asiyependa kuzungushazungusha maneno. Alimpapasa Capulí tumbo, akamvuta kope, akamtoa damu mguuni, akangoja. Damu ilichelewa sana kuganda. Kisha akampaka mafuta tumboni akampitishia kile kidude cha ultrasaundi, na kwenye kioo kidogo kikatokea kitu kilichojaa kutoka ukuta hadi ukuta.

"Hili si ini la mbwa," alisema, kwa sauti ileile aliyokuwa ametumia kusema kwamba mbwa ana kupe.

"La nani basi?"

"Mtu mzima. Mwanamume. Ona lilivyokunjwa, kama blanketi ndani ya begi la shule. Nani alilala naye?"

"Mwanangu."

"Halafu ukamwosha wapi?"

Edelmira alitazama viatu vyake. "Mferejini."

Daktari Nérida akashusha pumzi. "Wote mferejini," akasema. "Hakuna hata mmoja anayeniletea mbwa wa mtoni."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, na lilikuwa kosa la bonde zima. Mbwa akishalala na mgonjwa hupelekwa mtoni, akaogeleshwa, mto ukachukua maradhi ukayapeleka baharini, na kila kiungo kikarudi kwa mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Lakini mto wetu haujawa na maji tangu shamba lilipojenga mfereji wake. Palipokuwa mto sasa watoto wanacheza mpira. Kwa hiyo watu wakapeleka mbwa wao kwenye mfereji, maana maji ni maji. Na maji ya mfereji hayaendi baharini. Yanaishia kwenye mizabibu.

"Kwa hiyo Elmer ana nini tumboni?" Edelmira aliuliza.

"Ana la Capulí. Zuri tu, safi. Capulí ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Basi piga hesabu mwenyewe, doña."

Edelmira akapiga hesabu ya miaka aliyobakiwa nayo mbwa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mbwa mapajani, akajikuta anakosa pa kutazama.

Daktari alimweleza taratibu, kama anayeeleza njia ya kwenda mjini. Lipo jambo moja ambalo ultrasaundi haiwezi kusema wala damu haiwezi: kama ini lile bado linaweza kupona, au limeshakuwa jiwe. Kulijua kunataka sindano ndefu, kuchukua kipande kidogo kama punje ya mchele, kukipeleka maabara Trujillo. Kama linaweza kupona, mbwa atatibiwa, na likishapona Elmer atalazwa tena na Capulí na kurudishiwa chake. Kama haliwezi, hakuna haja ya kumtesa mnyama. Aachwe afe kwa amani, naye Elmer aendelee na hilo la mbwa mpaka litakapomfikisha.

"Na hiyo sindano?"

"Damu yake haigandi. Anaweza kunifia mezani hapa, na kila kilichomo."

"Na tusipompima?"

"Atakufa hivyohivyo, ila polepole, na hutajua umezika nini." Daktari alifuta mafuta kwenye tumbo la mbwa kwa karatasi. "Na mimi siwezi kumchoma bila mwanao kuniruhusu. Mbwa ni wako. Ini ni lake."

Elmer alirudi jioni ile akiwa na njaa, akamkuta mama yake amekaa na chakula kimepoa. Alisikiliza yote huku akichambua vitunguu.

"Mama, we nawe," akasema. "Mbwa mzee huyo. Mbwa wazee wanaugua, ndiyo kazi yao."

"Mwanangu, hilo ni ini lako."

"Mimi sisikii kitu. Gonga hapa. Gonga, mama! Unaona?" Alijigonga ubavu kwa ngumi. "Juzi nesi kanipima damu, kasema kikosi kizima hakuna mwenye damu kama yangu."

"Damu ya Capulí hiyo."

"Iwe ya yeyote, wamenipa mkataba mwingine kwa ajili yake." Akacheka, halafu alipoona mama yake hacheki, akashusha sauti. "Ukishapima kitu, mama, kinakuwepo. Sasa hivi hakipo."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Basi kimuumbue mbwa," Elmer akasema, na papo hapo akajuta, kwa maana Capulí alikuwa amelala juu ya mguu wake. Akainama akamkuna sikio. Sikio lilikuwa na rangi ya manjano hadi kwenye vishipa.

Siku ya pili akaja Leoncio, baba wa ubatizo wa Elmer, ambaye ndiye msimamizi wa wapiga dawa. Ndiye aliyemtafutia Elmer kazi. Yeye na Edelmira waliitana kompadre na komadre tangu siku ile walipogawana mtoto mmoja juu ya maji ya kanisa, na kompadre hakataliwi kiti. Leoncio aliketi, akanusa hewa, akasema lori la maji litafika sasa hivi. Na kweli, baada ya muda mrefu kidogo, likafika.

"Nimesikia unataka kumpima mbwa," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia, komadre. Mimi nasikia sana siku hizi." Akakunja kofia yake. "Sikiliza, nakwambia kama ndugu. Wa kwanza kupimwa huko nje akakutwa na kitu, shamba lilimwonea huruma sana. Lilimpumzisha. Mpaka leo anapumzika, mkewe anafua nguo za watu. Usimpime. Tafuta mbwa mdogo mapema, huyu akiwa bado anapumua, umlaze Elmer naye. Mimi niko mbwa wa tatu."

"Wa tatu!"

"Wa tatu. Wawili wako nyuma ya nyumba, nimewapandia maua. Mtu unazoea. Nyama mbichi tu ndiyo inayokusumbua, inanukia vizuri mno."

Edelmira alimwangalia kompadre wake, mvi zilizomjaa kabla ya wakati, namna alivyokaa na masikio yakifuata kila kinachopita njiani. "Na lako wewe liko wapi, Leoncio? Lile ulilozaliwa nalo?"

Leoncio alikunjua kofia yake. "Chini ya maua," akasema. Kisha akaomba maji, akayanusa, akayanywa, akaondoka.

Wiki ile Capulí akaanza kukataa chakula. Edelmira alimchemshia kuku bila chumvi, akampa maji ya chupa ya dukani, akamfungia ndani asisogelee mfereji. Na ndipo alipoona jambo ambalo lingemkata maini mama yeyote. Kila asubuhi, basi likishakwenda, mbwa alitulia kama saa moja hivi. Kisha, ule wakati ambao huko shambani pampu zinafunguliwa, alijikunja akalia. Hakulia kwa kelele. Alilia kidogokidogo, kama mtu anayejizuia mbele ya wageni, mpaka saa sita wanapopumzika kula. Na walipofungua tena pampu, akaanza tena. Jumapili hakulia hata kidogo. Jumapili alitikisa mkia.

Alimwambia Elmer. Elmer hakuamini, lakini hakuwa mtoto mbaya. Alimwomba baba yake wa ubatizo ruhusa ya siku moja, akabaki nyumbani aone kwa macho yake. Walikaa wote wawili asubuhi nzima wakimtazama mbwa. Capulí alikunywa maji, akala kipande cha kuku, akaenda kulala juani karibu na Elmer. Wakati wa kufungua pampu ulifika ukapita.

"Sasa mama, analia wapi?"

"Hawezi kulia, mwanangu. Leo hukwenda."

"Basi nitaona lini?"

Ilikuwa kweli. Kitu kile kilitokea tu pale ambapo mwenyewe hayupo. Edelmira akajifunika uso kwa aproni yake akalia kwa sauti kubwa, kilio cha msibani, mbele ya mtoto na mbele ya mbwa, na hakujali majirani. Tangu mbwa abadilike rangi alikuwa hajala kitu cha maana, na mikono ya Elmer ilipomshika mabega ilikuta mifupa.

"Mpime," Elmer akasema. "Mpime, mama. Lakini ule."

Walimpima Jumamosi mchana. Elmer alikuja na nguo za kazi, akasimama kichwani mwa meza. Daktari Nérida alimuuliza kama anaruhusu, naye akasema anaruhusu. Sindano ilikuwa ndefu kama ya kushonea magunia. Capulí alishikwa na Edelmira miguu ya nyuma, na Elmer akamshika kichwa, akamwambia maneno ambayo wanaume wa kwetu huwaambia mbwa tu: mfalme wangu, roho yangu, mzee wangu, vumilia kidogo. Sindano ilipoingia mbwa alimtazama Elmer usoni bila kupepesa. Daktari akabonyeza kidonda kwa kidole muda mrefu sana, ile damu isiyoganda ikipenya pembeni, mpaka hatimaye ikasimama. Elmer hakuwa amesikia chochote. Alikuwa ameloa jasho mgongo mzima.

Daktari alileta majibu mwenyewe, Jumatatu ya pili yake. Aliketi, akaagiza shámbar, na Edelmira akampakulia ngozi ya nguruwe kubwa kuliko ya wengine. Hakuna anayeleta habari nzito kwenye tumbo tupu, wala mwenyeji haiulizii kabla bakuli halijaisha. Edelmira alisimama na kitambaa mkononi akiangalia kijiko kikishuka na kupanda. Ulikuwa ulaji mrefu kuliko wote aliowahi kuuona.

"Linaweza kupona," daktari akasema, akaweka kijiko.

Edelmira akamshika kichwa akambusu utosini kama mtoto wake.

"Ngoja, doña. Linaweza kupona lisipopata dawa nyingine. Nimekuta dawa ya mizabibu humo, ile wanayonyunyiza kabla ya kuchuma. Nyingi. Na mpya, ya wiki ileile niliyompima."

"Wiki ile hakutoka nje hata mara moja! Nilimfungia mimi mwenyewe."

"Mbwa hakutoka," daktari alikubali. "Mwenye ini alitoka kila siku."

Aliporudi jioni, Elmer aliambiwa, na safari hii hakucheka. Alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, mbwa miguuni pake. Siku ileile Leoncio alikuwa amempa habari: Elmer ndiye kiongozi wa kikosi kuanzia wiki ijayo, kwa sababu ya afya yake.

"Nikiacha kazi niende wapi?" akasema. "Bonde zima ni la shamba. Hata huku Jumatatu wanaokula supu yako wanalipwa na shamba. Nikichukua ini langu leo nitalala kitandani, nikilala watanipumzisha. Nikiliacha kwa Capulí, namuua Capulí na ini langu. Niambie mama, wewe unayejua. Niende wapi?"

"Sijui, mwanangu."

"Naogopa."

"Najua."

"Ngoja mavuno yaishe. Mavuno yakiisha nitaacha, nakuapia."

Edelmira alimtazama mbwa. Mbavu zilikuwa zinahesabika, na tumbo limeanza kuvimba maji. Huyo hakuwa mbwa wa kungoja mavuno.

Daktari Nérida, aliyekuwa na moyo kuliko busara, alikwenda ofisi ya shamba akawaeleza alichokikuta. Walimpokea vizuri, wakampa juisi ya zabibu, ambayo hakuinywa. Mhandisi mmoja mwenye shati safi aliuliza maswali mengi ya maana: mbwa wa aina gani, alazwe upande gani, anachukua muda gani kujaa. Alimshukuru kwa niaba ya uongozi. Haukupita muda, basi la shamba likaongezwa kiti cha nyuma chenye mikeka, na kila kikosi kikakabidhiwa mbwa mmoja asiye na manyoya, mwenye ukanda wa kijani shingoni. Kwenye mkutano wa asubuhi ikatangazwa kwamba afya ya wafanyakazi ni jambo la kwanza. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa mbwa walikuwa wazuri kweli, na mpaka hapo kila mtu alikuwa anajigharamia wake.

Jumapili iliyofuata, Elmer akiwa uwanjani kutazama mpira kwenye mto, Edelmira aliosha sufuria zake zote, akazipanga kuanzia kubwa hadi ndogo. Akaloweka ngano na kunde za kesho. Kisha akafunga mlango, akalala chali kitandani mwake, akamwita Capulí.

Capulí hakuja. Alisimama katikati ya chumba, miguu ikimtetemeka, akageuza uso pembeni. Mbwa wa kwetu wanajua kazi yao, na ile haikuwa kazi yake. Haijawahi kutokea mbwa akapanda kwa mtu ili atoe.

"Njoo, mzee wangu," Edelmira akasema. "Umenitunzia vya kutosha. Nipe mwanangu."

Ikabidi ashuke ambebe. Alimlaza ubavuni kulia, chini ya mbavu, akamkumbatia kwa mikono miwili. Joto la mbwa likaingia. Kulikuwa na maumivu mwanzoni, kitu kizito kikitafuta pa kukaa. Akakipisha, kama abiria anayebanana kwenye kiti ili mwingine apate. Kikakaa. Huko nje watu walishangilia bao.

Hakumpeleka mferejini, wala mahali pengine popote.

Baada ya siku chache tu, Capulí akaanza kurudia rangi yake. Ule ugonjwa ulimtoka kuanzia mkiani, kama kivuli kinachopanda ukuta, mpaka ngozi ikawa nyeusi tena na masikio yakasimama. Alikuwa na ini la mwanamke aliyeamka mapema maisha yake yote, na likamkaa vyema: akawa wa kwanza kuamka nyumbani, akikagua sufuria moja baada ya nyingine. Elmer aliona mbwa amepona, akafurahi. Kisha akamtazama mama yake machoni, furaha ikamwisha.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeweka amana. Siku ukiacha ile pampu, utakuja uchukue chako."

Alipiga magoti mbele yake, kijana mkubwa vile, akalaza kichwa mapajani pake, akaapa kwa kila mtakatifu anayemjua kwamba mavuno yakiisha, yakiisha tu. Na aliapa kwa moyo wake wote. Mavuno yalipoisha kukaja kupogoa, na kupogoa kuna dawa yake. Baada ya kupogoa kuna machipukizi, na machipukizi ndiyo yanayotaka dawa zaidi. Kila Jumamosi alimletea mama yake maji ya dukani, chupa kubwa, akazibeba mbili mbili mpaka jikoni.

Daktari Nérida alipita Jumatatu moja kula. Alimtazama Edelmira akimpakulia, akatazama mikono, kucha, weupe wa macho ambao haukuwepo.

"Mimi ni daktari wa mifugo," akasema polepole. "Lakini sindano ni ileile. Nikupime?"

"Unipime nini, daktari, na majibu ulishaniletea?"

"Ni zito hilo, doña. Litakumaliza."

"Nilishambeba mzima mzima huyu," Edelmira akasema. "Hiki ni kipande tu. Kula, supu inapoa."

Basi la shamba likapita mlangoni. Elmer alikuwa dirishani, mashavu yamejaa, afya tupu. Akapiga mluzi, na Capulí akatikisa mkia kizingitini. Nyuma yao, kwenye mikeka, mbwa wenye mikanda ya kijani walikuwa wamekaa kimya, wengine weusi, wengine wameshaanza kuiva. Basi likakata kona ya mfereji likapotea.

Baada ya kama saa moja, Edelmira aliweka upawa chini, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Huko shambani walikuwa wamefungua pampu. Wateja walijua, waliacha kutafuna, wakatazama mabakuli yao mpaka alipoinua uso. Yule wa karibu na mlango alingoja kidogo zaidi, kwa heshima, kisha akaomba aongezewe mahindi.

Akamwongezea.